Hesabu Pumzi Dakika Nzima: Barua kwa Muuguzi Mshiriki Mpya

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu wiki iliyopita akiwa kwenye mapumziko, katika nyumba ya wazee anakofanya kazi huku London mashariki. Amekubaliwa kusomea kazi hii ninayoifanya mimi. Nilidhani ataniuliza mshahara. Akaniuliza, “Shangazi, watu wa nyumbani wakisema sasa nimekuwa nesi, niitikie au nikatae?”

“Kataa,” nikamwambia, “halafu waeleze wewe ni nani.”

Akanyamaza. Nikakumbuka kwamba hata mimi nilianza bila kulijua hilo la pili. Basi nimemwandikia, na kama na wewe uko njia hiyo hiyo, soma.

Kwa Kiingereza kazi hii ni “nursing associate”. Mimi naifasiri “muuguzi mshiriki”, kama tunavyosema profesa mshiriki. Imezaliwa England. Wanafunzi wa kwanza walianza mwanzoni mwa mwaka 2017, na Januari 2019 Baraza la Uuguzi na Ukunga likafungua daftari lake la kutusajili. Tuko katikati: chini yetu kuna wasaidizi wa wodi, wanaolipwa daraja la 2 au la 3 la hospitali za serikali, sisi ni la 4, na nesi aliyesajiliwa anaanzia la 5. Masomo ni miaka miwili, saa zisizopungua 2,300, na nusu yake ni vitendo. Wengi tunasoma huku tunalipwa kama wanagenzi. Hesabu na Kiingereza lazima uvifaulu kwa kiwango wanachokitaka, na hapo ndipo wenzetu wengi wanakwama. Usilionee aibu somo la hesabu la jioni. Mimi nililisoma nikiwa na miaka 41, nimekaa na vijana wa rika la mwanangu.

Mpaka wa kazi yetu unakaa kwenye maneno machache. Nesi anatathmini mgonjwa, anapanga huduma yake, kisha anaangalia kama mpango unafaa. Sisi tunatoa huduma hiyo na kuifuatilia. Chukua kidonda cha mguu. Mpango unasema kioshwe na kufungwa kwa bandeji ya aina fulani kila siku ya pili. Wewe unaosha, unafunga, unaandika. Siku utakayokifungua ukakuta kinanuka na pembeni kumevimba, hubadilishi dawa kwa akili yako, wala hukifungi tu kama jana kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Unamwita nesi akione kabla hujakifunika. Wageni wengi wanaufahamu upande wa kwanza wa mpaka huu, kwamba usivuke. Upande wa pili wanausahau: ukiona, ukanyamaza, umekosa kazi yako. Jina lako liko kwenye daftari la baraza, na “niliambiwa na nesi” halitakutetea.

Asubuhi

Zamu yetu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Wa usiku wanaotukabidhi wagonjwa wamechoka, wanasoma haraka, na neno lao kubwa ni “alikuwa sawa”. Uliza: sawa kuliko lini? Alikula? Alikojoa? Alilala au alisinzia tu? Kwenye karatasi yangu naandika kwa kila mgonjwa mzio wake, kama moyo ukisimama afufuliwe au la, anakula na kunywa nini, anatembeaje, na nini kinasubiriwa leo. Hilo la ufufuo usilisome juu juu. Siku ikitokea hutakuwa na muda wa kutafuta faili, utakuwa unapiga 2222, namba ya dharura ya ndani ya hospitali za huku.

Halafu zunguka ukajitambulishe. Daktari mmoja wa wazee, Kate Granger, alipolazwa akiwa na saratani aliona kwamba watu wengi waliomhudumia hawakumtajia hata majina yao. Mwaka 2013 akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu waanze kwa kusema tu “hujambo, jina langu ni fulani”. Alifariki mwaka 2016, na beji zenye maneno hayo bado tunavaa. Kwetu sisi tabu ni nyingine. Tumelelewa kutomwita mtu mzima jina lake kavu, na hapa bibi wa miaka 88 anataka umwite Dorothy. Usikisie. Muulize anapenda aitweje, na uandike kwenye ubao juu ya kitanda chake. Mzee mmoja alikuwa hanijibu siku mbili, kumbe jina lililokuwa kwenye faili hakuna aliyewahi kumwita isipokuwa polisi na benki.

Vipimo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Vipimo tunavipima wenyewe: pumzi, oksijeni, shinikizo la damu, mapigo, joto, na kama mgonjwa yuko macho na anajitambua. Kila kimoja kina alama, na jumla yake ndiyo NEWS2, mfumo wa kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012 na kurekebishwa 2017. Jumla ya 1 hadi 4, unarudia vipimo angalau kila baada ya saa 4 hadi 6. Ikifika 5 ni jambo la haraka: vipimo angalau kila saa moja, na mgonjwa aonwe. Ikifika 7 ni dharura. Kipimo kimoja peke yake kikipata alama 3, nacho kinataka mgonjwa aangaliwe haraka hata kama vingine ni vizuri.

Mashine inakupa karibu kila kitu isipokuwa pumzi. Hizo ni za kuhesabu kwa macho, na ndizo zinazobuniwa. Pita wodi yoyote usome chati, utaona 16, 16, 18, 16, kana kwamba wagonjwa wote wamefundishwa kupumua na mwalimu mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza nami niliandika 16. Kulikuwa na mama mmoja mchangamfu, tunapiga soga, wodi imejaa, kengele zinalia. Oksijeni 95, alama 1. Mapigo 98, alama 1. Shinikizo zuri, joto zuri, yuko macho. Pumzi nikaandika 16 bila kuhesabu, jumla 2, nikaenda zangu. Nesi niliyekuwa naye zamu, Mfilipino asiye na maneno mengi, alipita akasimama miguuni pa kitanda kile. Akatazama saa yake dakika nzima, akanionyesha vidole: 26. Pumzi 25 na zaidi ni alama 3. Jumla haikuwa 2, ilikuwa 5. Kwa chati yangu mama yule angepimwa tena baada ya saa nne au zaidi, na homa ya mapafu ilikuwa imeshaanza. Nesi hakunigombeza. Alinipa chati nikarekebishe kwa mkono wangu, na hilo lilinichoma kuliko kugombezwa.

Fanya hivi. Shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake atazibadilisha. Macho yawe kifuani. Hesabu dakika nzima. Usimsemeshe. Kama anaongea, angalia anafika mwisho wa sentensi bila kuvuta hewa katikati au la. Hicho nacho mweleze nesi.

Oksijeni nayo ina lake. Kidole chenye piko au rangi ya kucha kiache, tafuta kingine, na mkono uliopoa upashe moto kwanza. Na jambo hili lishike kwa ajili ya watu wetu: vifaa vile vya kidoleni vinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Ukiona namba nzuri na mtu anahema vibaya, mwamini mtu. Angalia ulimi, ufizi na ndani ya midomo, na useme.

Alama nyingine inayopotea ni kuchanganyikiwa kupya. Jana mzee alikuwa anakusimulia mpira, leo anakuuliza treni inaondoka saa ngapi. Hiyo ni alama 3 mara moja. Wapo watakaokwambia “ah, ni uzee tu”. Wewe ndiye uliyekuwa naye jana, wao hawakuwepo. Ndugu akikunong'oneza “baba leo si yeye”, hilo nalo chukua kama kipimo.

Namna ya kumwita mtu

Kuona ni nusu. Wengi wetu mdomo unatushinda: tunaogopa lafudhi, tunaogopa kumsumbua daktari, tumefundishwa adabu ya kuzunguka kabla ya kufika kwenye shida. Huku ukizunguka, mwenzako ameshakata simu. Panga maneno manne kabla ya kupiga: nini kinatokea, mgonjwa ni nani na amelazwa kwa nini, nimepima nini, nataka nini. Kwa mfano: “Napiga kutoka wodi ya wazee, kitanda cha 12, jumla yake imepanda kutoka 2 hadi 5. Ana miaka 79, amelazwa kwa kuvunjika nyonga, alipasuliwa juzi. Pumzi 26, oksijeni 95 bila kuongezewa, mapigo 98. Naomba uje umwone ndani ya nusu saa, na nitarudia vipimo nikikusubiri.” La nne ndilo linaloachwa. Usipoomba kitu utaambiwa “haya, endelea kumwangalia”. Mara nyingi nesi ndiye atakayepiga, lakini mpe maneno hayo yakiwa yamepangwa. Na ukimwambia nesi, akasema anakuja, asije, mwambie tena. Mara ya tatu nenda kwa msimamizi wa zamu. Kinyongo kitaisha kwenye chai.

Dawa

Dawa tunatoa, za kunywa, za kupaka, za kuvuta, sindano za chini ya ngozi na za kwenye msuli, baada ya kufundishwa na kupimwa. Za kwenye mshipa hazimo katika mafunzo ya msingi. Kuna hospitali zinazowafundisha washiriki baadaye na kuna zisizoruhusu, kwa hiyo uliza sera ya kwenu, na ukihama hospitali uliza upya.

Mgonjwa akwambie mwenyewe jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Ukimuuliza “wewe ni Bwana Smith?” mtu asiyesikia vizuri ataitikia ndiyo kwa heshima tu. Soma bangili. Tazama mzio hata kama umempa dawa hiyo hiyo jana. Ujue dawa ni ya nini, kwa sababu usipojua hutajua lini usiitoe. Digoksini, dawa ya moyo, kwa mfano, kabla yake pima mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, simamisha na umuulize nesi. Dawa ya kushusha shinikizo kwa mtu ambaye shinikizo lake asubuhi hii ni 92, vivyo hivyo. Na simama pale mpaka ameze. Niliwahi kutandika kitanda nikakuta vidonge saba ndani ya foronya, vya siku tatu, na kwenye chati vyote vimetiwa saini kwamba vimemezwa.

Ngozi, chakula, maji

Wakati wa kumwogesha mtu ndio uchunguzi wako mkubwa, usiuachie haraka zikuibie. Visigino, nyonga, kifandugu, viwiko, na nyuma ya masikio panapopita mpira wa oksijeni. Vitabu vitakwambia utafute wekundu usiofifia ukibonyeza. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huenda usiuone kabisa. Papasa kwa upande wa nyuma wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu au teketeke? Pamebadilika rangi kuliko upande mwingine? Panauma? Ukipata lolote, mgeuze mgonjwa asilalie hapo, mwambie nesi, na andika kwa vipimo, si “ngozi si nzuri”.

Maji ya mgonjwa yaandikwe yaliyonywewa, si yaliyopelekwa. Chai iliyopoa mezani imeandikwa kwenye chati nyingi kuwa imenywewa. Jua kikombe cha wodi yenu kinabeba mililita ngapi na ukiangalie kikirudi. Aliyepata kiharusi na kupewa kinywaji kizito, usipime uzito wa kinywaji hicho kwa jicho la uji wa nyumbani. Kipimo kina namba, 0 hadi 4 kwa vinywaji, na vijiko vimeandikwa kwenye kopo la unga wa kukizitisha. Chai nyepesi kwa mtu asiyemeza vizuri inakwenda mapafuni, na ndugu mwenye huruma na chupa ya chai ndiye wa kuangaliwa saa za wageni.

Kiingereza kisichofundishwa darasani

Bibi akikwambia anataka kwenda “kutumia peni moja” (spend a penny), anataka msalani. Zamani vyoo vya umma vilifunguka kwa peni moja, na msemo umebaki. Akisema “mitambo yake ya maji” (waterworks) ina shida, ni mkojo. Akisema “amekuja wa kuchekesha” (come over funny), hafurahi, anakaribia kuanguka: mkalishe chini mara moja. Hakuna kozi inayofundisha haya, utayaokota kitandani, na usione haya kuuliza. Wazee wanapenda kueleza.

Na kuna siku lugha yako mwenyewe itatakiwa. Tulikuwa na bibi wa kwetu pwani, amejikunja, hali chakula siku mbili, imeandikwa “anakataa”. Nikamwinamia, “Shikamoo bibi.” Akafumbua macho. “Marahaba mwanangu, umetoka wapi wewe?” Hakuwa amekataa chochote, hakujua nyama ile ni halali au la, na hakuwa na wa kumuuliza. Chakula cha halali kilikuwepo muda wote jikoni.

Siku ya pili daktari akampigia mkalimani wa simu. Bibi akasema ana kichomi. Mkalimani akafasiri kwamba kifua kinawaka moto, na daktari akaanza kuuliza habari za tumbo na kiungulia. Kichomi, mimi na wewe tunajua, ni maumivu ya kuchoma kama kisu unapovuta pumzi, na yanampeleka daktari mahali tofauti kabisa. Nikamwambia nesi pale pale, nesi akamwambia daktari. Lakini daktari alipotaka idhini ya kipimo, nilisema hapana, naomba mkalimani rasmi tena. Kumsalimia bibi, kumuuliza chakula, kumtuliza, hayo nafanya. Kumfasiria jambo la kutia saini si kazi yangu, na nikikosea neno moja bibi ndiye atakayelilipa.

Kosa langu kwake lilikuwa jingine. Nilimwambia dawa yake ya kesho ni “saa nane”, kichwani nikiwa na namba 8 iliyo kwenye chati. Asubuhi mwenzangu alipomletea saa mbili aliikataa, akasema yake ni ya mchana. Alikuwa sahihi yeye. Tangu hapo kwenye maandishi sina saa nyingine ila ya 24: 08:00, 14:00, 20:00. Kwa mdomo, nikizungumza Kiswahili, nasema “ukishakunywa chai ya asubuhi”.

Ukiambiwa fanya usichofundishwa

Itatokea, hasa wodi ikiwa na upungufu. “Wewe si uko karibu na nesi? Nisaidie hii.” Jibu langu ni moja, na silitolei maelezo marefu: “Hiyo sijapimwa. Naweza kufanya vipimo vya vitanda vyako vitatu ili wewe uifanye.” Umekataa na umesaidia kwa pumzi moja. Kinyume chake nacho kipo: siku nyingine watakutumia kama msaidizi wa wodi zamu nzima, na ujuzi wako wa dawa ukae bure. Lisemee hilo kwa msimamizi, kwa utulivu, si mbele ya wagonjwa. Mwenyewe unapomkabidhi msaidizi kazi, hakikisha anaiweza, kisha nenda ukaangalie. Ni ile kanuni ya nesi kwako, imeshuka ngazi moja.

Vitunze vyeti na tafakuri zako tangu mwezi wa kwanza. Kila miaka mitatu unahuisha usajili: saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza, maoni matano, tafakuri tano za maandishi. Kisa cha 16 na 26 kilikuwa tafakuri yangu ya kwanza.

Jioni

Andika kabla hujakabidhi, si baada. Uliyoyaona, uliyoyafanya, uliyemwambia na saa ngapi, na alijibu nini. Kukabidhi kwako kusiwe “alikuwa sawa”.

Halafu kabla ya kuvua sare papasa mifuko yote. Karatasi ya wagonjwa iende kwenye pipa la kuchanwa, isiende nyumbani. Na kama ulishika funguo za kabati la dawa, zirudishe mkononi mwa mtu, usiziache mezani. Mimi nilishafika kituo cha basi, mvua inanyesha, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kadi ya nauli nikakuta funguo za wodi nzima. Basi lilikuwa limeshafungua mlango. Nikamwambia dereva aende.